"Hapa Kampala hakuna anayeniamkia": jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Tanga, nina miaka 34. Nilichukua likizo bila malipo nikamfuata mume wangu Kampala. Anafanya kazi kwenye mradi wa bomba la mafuta na siku nyingi yuko Hoima. Tunaishi Kyaliwajjala, huu ni mwezi wa 14. Kwetu nilikuwa mtu: kila harusi mimi ndiye mhazini, kila ugomvi wa familia naitwa mimi. Hapa hakuna hata anayeniamkia, na sijui mimi ni nani. Nikizungumza Kiswahili sokoni watu wananitazama, na mzee mmoja aliniuliza kama mimi ni askari. Usiku moyo unakimbia. Naswali, nimejaribu na yale mazoezi ya kupumua ya kwenye simu, sioni nafuu. Ninaowaeleza wananiambia nitulie, nijitafute. Nijitafute wapi? Au nirudi tu nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na karibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Moyo kukimbia usiku nitakuja kuuzungumza, maana una njia zake. Lililonishika ni maneno yako matatu: kwetu nilikuwa mtu.

Hebu irudie njia yako ya asubuhi ulipokuwa Tanga. Unatoka, jirani anafagia uwanja, mnaulizana mmeamkaje. Muuza maandazi anataka kujua mtoto wa shangazi yako amepona. Kabla hujalifikia lango la shule umeshaitikia marahaba thelathini, na kila moja ilikuwa na habari ndani yake: wewe ni mwalimu, wewe ni mkubwa, unajulikana, usingepita leo tungeuliza. Hukuwa ukizisikia, kwa sababu hakuna anayesikia hewa anayoivuta. Kisha ukapanda basi, na ulipovuka mpaka pale Mutukula zikakatika zote kwa siku moja.

Kalervo Oberg, mtaalamu wa jamii za watu aliyefanya utafiti kwa Wanyankole wa magharibi mwa Uganda miaka ya 1930, alikuja kulieleza jambo hili mwaka 1954 katika hotuba yake huko Rio de Janeiro. Alisema hofu ya ugenini huletwa na kupotewa na ishara ndogondogo tunazoishi nazo bila kuziwaza: lini unatoa mkono, unasema nini ukikutana na mtu, unajuaje kwamba mwenzako ametania au amekasirika. Aliitaja pia hali ya kupita hatua kwa hatua, furaha ya mwanzo kisha kuanguka kisha kuinuka. Hapo watafiti waliomfuata hawakubaliani naye sana, na hata mimi nimeona wengi ambao furaha ya mwanzo hawakuionja kabisa. Lakini juu ya zile ishara ndogo, alisema kweli.

Kwa hiyo na hao wanaokuambia utulie ujitafute, mimi sikubaliani nao. Umekaa miezi 14 kwenye nyumba ya Kyaliwajjala ukijitafuta. Huko chumbani hakuna wa kukuitikia.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunaitumia kumsimanga aliyekaa sana kwa watu. Mimi huisikia kwa upande wa mgeni mwenyewe. Siku ya tatu anapata mstari wake shambani, na jioni kuna mtu wa kumuuliza amefika wapi. Tangu hapo ana jina. Wewe mpaka leo u mgeni wa siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyekupa jembe, na mji kama Kampala haumpi mtu. Inabidi ulichukue mwenyewe. Nitakueleza ninavyofikiri, ila kwanza tumalize habari ya yule mzee, maana naona ilikuumiza.

Hakukutukana. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi Uganda tangu enzi za mkoloni. Idi Amin alitawala kuanzia 1971 hadi 1979, na mwaka 1973 akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Waganda wengi wa umri wa mzee yule walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki: simama, toka nje, lala chini. Aprili 1979 Kampala ikatekwa na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na askari wetu wakaitwa bakombozi, yaani wakombozi wetu hao hao, neno likiwa limevikwa kiambishi cha Kiganda. Hata ukombozi ulikuja kwa Kiswahili cha askari. Wewe umelelewa na Kiswahili cha hodi na karibu, cha samahani na starehe. Yeye alifundishwa kile cha amri. Mlipokutana sokoni kila mmoja alikuwa anasikia lugha yake.

Hali inabadilika. Ukienda Arua utashangaa jinsi kinavyosemwa bila wasiwasi, na hapa hapa Kampala wauzaji wa jumla wa Kikuubo huhudumia wateja wa Kongo na Kenya kwa Kiswahili mchana kutwa. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Likumbuke hilo la shule, tutalirudia.

Kwa sasa, sokoni usianze na Kiswahili. Anza na salamu yao. Asubuhi sema "Wasuze otya nno, nnyabo", yaani umelalaje, mama. Jioni sema "Osiibye otya". Na ukimkuta mtu kazini, hata kama anachoma chapati ambazo wewe hununui, mwambie "Gyebale ko", ahsante kwa kazi. Nadhani hakuna salamu ninayoipenda kama hiyo katika Afrika ya Mashariki nzima. Unamshukuru mtu kwa kazi ambayo hakukufanyia wewe. Mwalimu atalipenda hilo. Na utagundua kwamba Kiganda ni binamu yetu: omugenyi ni mgeni, omwana ni mwana, ennyumba ni nyumba, okulya ni kula. Ukishasalimia, hata ukiendelea kwa Kiswahili, watakusikiliza kwa sikio jingine. Waganda ni watu wa salamu ndefu, tena wanawake wengi huzitoa wakiwa wamepiga magoti. Wewe hudaiwi magoti, ila kuinama kidogo mbele ya mzee hakutakupunguzia kitu, na moyo wako wa Kitanga utastarehe maana ndivyo ulivyofunzwa nyumbani.

Nakuambia haya kwa sababu yalinipata. Nilifika hapa mwaka 2003 nikitokea Mombasa. Matatu, zile daladala zenu, huku huitwa teksi, na abiria anayetaka kushuka hupaza sauti: "Mu maaso awo", hapo mbele. Miezi minne sikuweza kuyasema. Nilingoja mwingine ashuke nami nishuke naye, kisha nirudi kwa miguu, mvua ikinyesha, na mtoto mgongoni. Mimi, niliyekuwa nikiongoza vikao vya harusi vya watu mia. Siku niliyoyasema hatimaye, kondakta akajibu, "Kale, nnyabo." Gari likasimama. Nilishuka nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimeitikiwa.

Sasa niingie kwenye kazi yangu ya unasihi. Kuna utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa hapa ulipo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe jina la ile huzuni inayomfanya mtu ashindwe kazi zake. Wakapewa maneno mawili: okwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Kisha katika nusu ya vijiji 30 wakaanzisha vikundi vya mazungumzo, vingine vya wanawake peke yao, vingine vya wanaume peke yao. Walikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, na viongozi walikuwa watu wa maeneo hayo waliopewa mafunzo, wala si madaktari. Kwenye vikundi, wenye dalili za sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walipungua pia, lakini zaidi ya nusu ya watu walibaki nazo.

Tiba ile ya vikundi hutafuta chanzo katika mambo manne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, upweke wa siku nyingi, na kubadilika kwa nafasi ya mtu maishani. Hilo la nne ndilo lako. Juzi mwalimu, leo mke wa fulani anayeonekana wikendi. Na hatua yake ya kwanza wengi huiruka: kuiomboleza nafasi ya zamani ilivyokuwa kweli, na mabaya yake yakiwemo. Aliyehama huikumbuka nyumbani kama pepo.

Basi nikuulize kwa upole. Umeandika kwamba kila harusi wewe ndiye mhazini na kila ugomvi unaitwa wewe. Umeyaandika kwa majonzi. Ulikuwa unalala saa ngapi? Mara ya mwisho kusema hapana kwa shangazi ilikuwa lini? Chukua daftari, andika kila kitu ulichokuwa Tanga, hata vidogo: wa kukosoa mashairi ya watoto, mwenye mkono mzuri wa pilau, wa kukopwa. Usiharakishe, ifanye kwa siku kadhaa. Kisha mbele ya kila kimoja jibu swali moja: hiki nilikipenda, au nilikuwa nimetwishwa? Utakuta vitu vinavyokuuma kuvikosa, na vitu ambavyo, ukijisemea kweli, umepumua kuviacha Mutukula. Hivi vya pili watu huona haya kuvitaja. Vitaje.

Mtafiti Hajo Adam na wenzake walichapisha mwaka 2018 kwamba walioishi ugenini huwa na picha iliyo wazi zaidi juu ya nafsi zao, na kilichohusika ni muda waliokaa. Idadi ya nchi haikuwa na uzito. Sababu waliyoipata ni hii: ugenini kila siku unagongana na desturi isiyo yako, na kila mgongano unakulazimisha kujiuliza kama lile unalolishika ni lako au umelikuta tu nyumbani. Ukiwa kwenu hulazimiki kuuliza. Mimi nilikuja kujua nikiwa Kampala kwamba harusi kubwa hazikuwa zangu kamwe. Nilizibeba kwa sababu mama alizibeba. Na nilijua kwamba bahari ilikuwa yangu kweli. Nilikuwa nikishuka Ggaba kutazama ziwa, ni zuri, lakini halipwi wala halijai, na kila mara nikarudi na kiu ile ile. Mpaka leo naenda Mombasa kila mwaka kwa ajili ya maji kupwa. Kujijua kwenyewe nilikoonja mimi ni kwa namna hiyo, vipande vidogo vidogo.

Sasa jembe. Wewe ni mwalimu wa msingi, msemaji wa Kiswahili cha Tanga, katika nchi iliyoamua kukifundisha na ambayo walimu wake hawatoshi. Sikusukumi kutafuta ajira. Kwa kazi ya mshahara shule itakutaka kibali cha kazi na usajili wa ualimu wa hapa, na mambo hayo uyaulize Uhamiaji na Wizara ya Elimu kabla hujaahidiana na mtu. Nakuomba kitu kidogo kuliko hicho: watoto watano au sita wa majirani, kibarazani kwako, siku moja kwa wiki, saa ile ile. Waeleze wazazi kwa mdomo wako mwenyewe. Wafundishe nyimbo na vitendawili, na wafundishe shikamoo. Katika wiki chache kutakuwa na watoto Kyaliwajjala wanaokuamkia njiani, na mama zao watataka kujua watoto wao wanasema nini.

La pili, uwe na mahali pamoja pa kurudia. Muuza mboga mmoja, usimbadilishe hata nyanya zake zikipanda shilingi mia mbili. Siku ile ile, saa ile ile. Siku utakapotoka Tanga likizoni atakuambia "Kulikayo", karibu tena kutoka safari, na wewe utajibu "Awo".

Ukitaka utulivu wa peke yako, mji huu unao. Hekalu la Wabahai liko juu ya kilima cha Kikaya, lilifunguliwa mwaka 1961, na bustani zake hupokea watu wa dini zote wakae kimya chini ya miti. Au nenda msikiti wa Old Kampala, upande ule mnara kwa ngazi zake zaidi ya 300. Ukiwa juu mwombe anayekuongoza akutajie vilima: Namirembe, Rubaga, Kibuli, Nakasero, Kololo, Mulago. Vijifunze mpaka uweze kuvitaja mwenyewe. Nafsi haitulii mahali isipojua kipi kiko upande gani.

Kuhusu usiku. Mazoezi ya kupumua hayakushindwa. Uliyaanza saa mbaya. Ni kama kumfundisha mtoto kuogelea siku ya mafuriko. Yafanye mchana, saa umetulia, kila siku: vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe polepole kwa kuhesabu sita, kwa dakika kumi. Moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi, ndiyo maana ya kuirefusha ile ya kutoka. Baada ya wiki tatu hivi mwili utakuwa umeijua njia, na usiku utaweza kuifuata. Acha kahawa na chai nzito tangu alasiri. Ukilala ukakaa macho muda mrefu, ondoka kitandani, kaa kwenye kiti mwanga ukiwa hafifu, soma au vuta uradi, rudi usingizi ukija.

Na simu iwe chumba kingine. Kundi la familia linakufikishia misiba na harusi za Tanga saa tano usiku, na mwili wako uko Kampala hauwezi kwenda kokote. Hata saa zetu zinadanganya: zinafanana, lakini jua la Kampala huchelewa karibu nusu saa, mama yako anapiga akiwa ameshaswali magharibi, kwako adhana bado. Mpangie muda wa kumpigia wewe, na siku hiyo uwe na jambo la huku la kumsimulia. Naamini kila akiuliza habari za huko unamjibu "nzuri tu". Msimulie habari ya gyebale ko.

Mumeo hukumlaumu hata kwa sentensi moja, nami nimeliona. Lile bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, huko kwenu Tanga. Yeye yuko mwanzoni, mama yako yuko mwishoni, na Kampala haimo hata njiani. Mwambie hivyo, kama nilivyokuambia. Kisha umwombe mambo mawili anayoweza kuyatimiza: saa ya kupigiana simu kila siku isiyovunjwa kwa sababu ya kikao, na akija, Jumamosi moja akufuate sokoni kwa mama mboga wako.

Hapa nitasema bila kuzunguka. Kama kwa wiki mbili mfululizo hupati usingizi kabisa, huli, huna hamu ya chochote, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje daftari wala mimi. Mpigie mumeo usiku huo huo, nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya taifa ya Butabika, ambayo kazi yake ni afya ya akili. Na kama yamekuzidi lakini hayajafika huko, shirika la StrongMinds huendesha Uganda vikundi vya mazungumzo vya aina ile ile iliyojaribiwa Masaka na Rakai. Uliza kilicho karibu nawe.

Umeniuliza urudi au ubaki. Kurudi si aibu, nimewasaidia wanawake kufunga masanduku na nikawasindikiza mpaka stendi. Ila uamuzi huo usiufanye saa nane za usiku, wala kabla hujawahi kuwa na jembe hapa hata mwezi mmoja, maana utakuwa unalinganisha Tanga yenye watu wako na Kampala isiyo na mtu. Jipe mihula miwili ya shule ukiwa na watoto wako wa kibarazani. Katikati yake nenda Tanga kwa wiki tatu kamili. Wiki ya kwanza kila mtu atakuwa anakulaki, haitakuambia kitu. Iangalie ya tatu, pale wanapoanza kukuita tena kwenye vikao: mwili unafanya nini ukiitwa, na huku nyuma kuna nani wa Kyaliwajjala unayewaza kumnunulia zawadi. Viandike vyote viwili kwenye daftari lile lile, kisha niandikie.